Namna ya Kusanidi Getikipa ya H.323 kwa Simu za Sauti na Video kwenye Mtandao wa Taasisi

Kila inapofungwa mashine ya mkutano kwa njia ya video katika kituo cha mkoani, maafisa TEHAMA wananiuliza maswali manne yaleyale: kwenye nafasi ya getikipa niandike nini, kwa nini mashine inakataliwa kusajiliwa, kwa nini picha inaonekana lakini sauti haisikiki, na kwa nini mashine inaita usiku wa manane wakati ofisi imefungwa. Nimeyajibu kwa simu mara nyingi, na aghalabu majibu huandikwa kwenye kipande cha karatasi kinachopotea kabla ya mashine inayofuata kufika. Hapa nimeyapanga kwa kufuata kazi yenyewe, kuanzia seva tupu hadi simu ya kwanza kuunganishwa.

Mwongozo huu unahusu mashine zinazotumia H.323, kiwango cha mawasiliano ya sauti na video kilichopitishwa na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, mwaka 1996 ambacho bado kinafanya kazi katika kumbi nyingi kwa sababu mashine zake ni imara na hazijachakaa. Programu nitakayoitumia ni GNU Gatekeeper, inayofahamika kwa kifupi kama GnuGk, kwa kuwa ni ya bure na faili lake la usanidi linasomeka. Ikiwa taasisi yako imenunua getikipa ya aina nyingine, utayakuta mambo hayahaya kwa majina tofauti kidogo.

Nadharia unayoihitaji ni ndogo. Getikipa ni bawabu wa mtandao wako wa simu. Mashine ikiwashwa humpelekea ombi la usajili, RRQ, ikitaja namba na jina lake, na bawabu hujibu kwa RCF akikubali au RRJ akikataa. Kabla ya kupiga simu, mashine huomba ruhusa kwa ARQ, naye hujibu kwa ACF au ARJ. Ujumbe huo wote hupita kwenye poti 1719 ya UDP. Simu yenyewe huanzishwa kwenye poti 1720 ya TCP, kisha mashine mbili hukubaliana aina ya sauti na picha kupitia H.245, na mwishowe sauti na picha husafiri kwa RTP juu ya UDP. Shika hatua hizo nne kwa mpangilio wake, yaani usajili, kuita, makubaliano, kisha sauti na picha, kwa sababu ukijua hitilafu imetokea katika hatua ipi umeshajua poti ya kuichunguza.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Andaa seva yenye Linux na anwani ya IP isiyobadilika. Kompyuta ya kawaida inatosha kwa taasisi yenye vituo kumi au kumi na tano. Hakikisha una ruhusa ya kubadilisha mipangilio ya ngome ya mtandao, au mtu mwenye ruhusa hiyo awe karibu nawe siku ya kazi. Pata nywila za usimamizi za mashine zote za kumbi, na uzijaribu mapema, kwa kuwa mashine nyingi zilifungwa na mkandarasi aliyeondoka na nywila yake. Kisha andika jedwali la namba.

Jedwali hilo ndilo watu huliruka, nami nakusihi usiliruke. Kila mashine iwe na namba moja ya E.164, yaani namba ya kupigiwa, jina moja la H.323 na anwani moja ya IP, na visijirudie popote. Kwa taasisi za Tanzania napendekeza namba zianze na msimbo wa simu za mezani wa eneo husika bila sifuri ya mwanzo, kwa sababu watumishi wanaujua tayari na hawatahitaji kufundishwa. Ukumbi wa Dodoma unakuwa 2601, wa Mwanza 2801, wa Mbeya 2501, na chumba cha pili cha Mwanza 2802. Katika mfano wetu seva ina anwani 10.26.0.10, ukumbi wa Dodoma 10.26.1.5, wa Mwanza 10.28.1.5 na wa Mbeya 10.25.1.5, na vituo vyote vimeunganishwa kwa mtandao wa ndani wa taasisi, iwe kupitia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano au VPN.

Hatua za kazi

1. Weka programu kwenye seva. Kwenye Debian na jamaa zake jaribu kwanza amri hii:

```
sudo apt install gnugk
```

Ikiwa kifurushi hakipatikani katika toleo lako, pakua programu kutoka tovuti ya mradi, gnugk.org. Kabla ya kugusa faili lolote la usanidi lililokuja na programu, tengeneza nakala rudufu yake na uipe jina lenye tarehe.

2. Andika sehemu ya msingi ya faili la usanidi. Fungua faili la gatekeeper.ini kwa kihariri matini, uliache tupu, kisha uandike:

```
[Gatekeeper::Main]
Name=GK-DODOMA
TimeToLive=600
StatusPort=7000

[GkStatus::Auth]
rule=explicit
127.0.0.1=allow
default=forbid
```

TimeToLive ni idadi ya sekunde ambazo usajili wa mashine unadumu kabla ya kuhuishwa. Ukiacha kuiweka, mashine iliyozimwa na umeme inaweza kubaki kwenye orodha kana kwamba ipo, na watu wakaipigia bure. StatusPort ni dirisha lako la kuchungulia kinachoendelea ndani ya getikipa, na sehemu ya pili inalifunga dirisha hilo ili lifunguliwe kutoka kwenye seva yenyewe tu. Usilifungue kwa mtandao mzima kwa kisingizio cha urahisi, maana anayelifikia anaweza kukata simu ya mkutano unaoendelea.

3. Amua simu zipite wapi. Getikipa inaweza kutoa ruhusa tu na kuziacha mashine ziwasiliane zenyewe, au inaweza kupitisha ndani yake uitaji na makubaliano ya H.245, na ikibidi hata sauti na picha. Kwa mtandao wenye ngome kati ya kituo na kituo nachagua simu zipite ndani ya getikipa, kwa kuwa ngome zinalazimika kuruhusu anwani moja badala ya kila mashine kwa kila mashine. Ongeza:

```
[RoutedMode]
GKRouted=1
H245Routed=1
CallSignalPort=1720
AcceptUnregisteredCalls=0
SupportNATedEndpoints=1
EnableH46018=1
Q931PortRange=20000-20999
H245PortRange=30000-30999

[Proxy]
Enable=1
ProxyForNAT=1
RTPPortRange=50000-51999
```

Mstari wa AcceptUnregisteredCalls=0 ndio unaomzuia mpigaji asiyesajiliwa, kwa hiyo usiuguse hata ukishawishiwa kwamba utarahisisha majaribio. EnableH46018 inaruhusu mashine zilizo nyuma ya NAT, yaani ruta inayoficha anwani za ndani nyuma ya anwani yake, kujisajili na kupokea simu kwa utaratibu wa H.460.18, ilimradi mashine yenyewe inaufahamu utaratibu huo. Kama vituo vyako vyote vinafikiana moja kwa moja bila NAT na kiungo cha makao makuu ni chembamba, sehemu ya Proxy inaweza kuwekwa Enable=0 ili sauti na picha kati ya Mwanza na Mbeya zisilazimike kupitia Dodoma na kurudi.

Kosa la kawaida hapa ni kubana masafa ya poti za RTP mpaka yabaki ishirini au thelathini kwa kuhofia usalama. Kila mkondo, yaani sauti, picha na wasilisho la kompyuta, unahitaji jozi yake ya poti kwa kila upande. Mkutano wa kwanza utakwenda vizuri, wa pili utakosa picha, na utamaliza siku nzima ukilaumu mashine.

4. Mwambie bawabu anayemruhusu. Huu ndio ulinzi wenyewe, na ndipo jedwali lako la namba linapofanya kazi:

```
[Gatekeeper::Auth]
AliasAuth=required;RRQ
default=allow

[RasSrv::RRQAuth]
2601=sigip:10.26.1.5:1720
2801=sigip:10.28.1.5:1720
2501=sigip:10.25.1.5:1720
```

Maana yake ni kwamba namba 2801 itakubaliwa ikitoka kwenye anwani ya ukumbi wa Mwanza pekee. Mashine inayohamahama, kwa mfano ile ya kiongozi anayesafiri nayo, haiwezi kufungwa kwa anwani, hivyo itumie nywila kupitia SimplePasswordAuth, na nywila hiyo iwekwe kwenye faili kwa programu ndogo ya addpasswd inayoificha, badala ya kuiandika wazi.

5. Weka kikomo cha kipimo data. Hatua hii ina mtego ambao nimeuona ukiwanasa hata mafundi wenye uzoefu. Kizio kinachotumika katika H.323 ni biti 100 kwa sekunde, na hesabu inajumuisha pande zote mbili za simu. Simu ya kilobiti 768 kwa sekunde ni biti 768,000; gawanya kwa 100 upate 7,680, kisha zidisha kwa mbili upate 15,360. Ukitaka kuruhusu simu nne za ukubwa huo kwa wakati mmoja, jumla ni 61,440. Ongeza mistari hii ndani ya sehemu ya Gatekeeper::Main:

```
MaximumBandwidthPerCall=15360
TotalBandwidth=61440
```

Fundi aliyeandika 768 akidhani ni kilobiti aliipa kila simu nafasi ya kilobiti 38 kwa kila upande, ambayo haitoshi hata sauti ya G.711 inayohitaji 64, achilia mbali picha. Kumbuka vilevile kwamba vichwa vya pakiti vinaongeza takriban asilimia 20 juu ya kasi ya simu, kwa hiyo simu ya 768 itakula karibu kilobiti 920 za kiungo chako kwa kila upande. Kituo chenye kiungo cha megabiti mbili kinachotumiwa pia na mfumo wa malipo kisipewe simu mbili za aina hiyo.

6. Fungua poti kwenye ngome, na uzifungue kwa mtandao wa taasisi tu. Kwa seva inayotumia ufw:

```
sudo ufw allow from 10.0.0.0/8 to any port 1719 proto udp
sudo ufw allow from 10.0.0.0/8 to any port 1720 proto tcp
sudo ufw allow from 10.0.0.0/8 to any port 30000:30999 proto tcp
sudo ufw allow from 10.0.0.0/8 to any port 50000:51999 proto udp
```

Rudia ruhusa hizohizo kwenye ngome zilizo kati ya vituo. Wakati huohuo tafuta kwenye ruta na ngome kipengele cha kusaidia H.323, ambacho mara nyingi huitwa ALG, na ukizime. Kipengele hicho hubadilisha anwani zilizo ndani ya ujumbe wa simu kwa nia njema, lakini getikipa yako inafanya kazi hiyohiyo, na anwani ikibadilishwa mara mbili sauti hupelekwa mahali ambapo hakuna mtu.

7. Washa getikipa kwa mkono kwanza, ili uyaone makosa kabla ya kuifanya iwe huduma inayojiwasha yenyewe:

```
sudo gnugk -c /etc/gatekeeper.ini -ttt -o /var/log/gnugk.log
```

Fungua dirisha la pili la amri, andika `telnet 127.0.0.1 7000`, kisha `printallregistrations`. Kwa sasa orodha itakuwa tupu. Ukibadilisha faili baadaye, amri ya `reload` katika dirisha hili inatosha kwa mabadiliko ya namba na ruhusa, lakini mabadiliko ya poti yanahitaji kuzima na kuwasha upya.

8. Sanidi mashine za kumbi. Ingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa mashine, sehemu ya mtandao, kisha H.323. Chagua kutaja getikipa mwenyewe, usiache itafutwe kiotomatiki. Utafutaji wa kiotomatiki hutegemea ujumbe wa kundi kwenda 224.0.1.41 poti 1718, na ujumbe huo kwa kawaida hauvuki ruta, kwa hiyo mashine ya Dodoma itaiona getikipa na ya Mwanza haitaiona. Andika 10.26.0.10 kwenye nafasi ya getikipa, namba ya E.164 kutoka kwenye jedwali, na jina la H.323. Herufi za jina ziwe za kawaida bila nafasi katikati: ukumbi-mwanza linafaa.

Anza na mashine moja. Tazama dirisha la hali hadi uone mstari unaoanza na RCF wenye anwani na namba ya mashine hiyo, ndipo uende kwenye inayofuata. Anayesanidi mashine sita kwa mpigo kisha akakuta mbili hazikusajiliwa hujikuta akiyapitia mabadiliko yote sita upya.

9. Jaribu simu, na ujaribu pia kukataliwa. Kutoka 2601 piga 2801, zungumzeni dakika tano, tuma wasilisho la kompyuta, kisha Mwanza naye apige. Simu ya upande mmoja haithibitishi chochote kuhusu upande wa pili. Wakati simu inaendelea, amri ya `printcurrentcalls` itakuonyesha washiriki, na kama umewasha Proxy hakikisha sauti na picha zinapita kweli:

```
sudo tcpdump -n udp portrange 50000-51999
```

Pakiti zinapaswa kumiminika kutoka anwani zote mbili. Baada ya hapo badilisha namba ya mashine moja kwa makusudi iwe 2899, ambayo haimo kwenye orodha, na uone inakataliwa. Ikikubaliwa, kazi ya hatua ya nne haijakamilika, na usiondoke kituoni kabla ya kuirekebisha.

10. Unganisha na getikipa jirani, kama ipo. Ofisi ya Zanzibar yenye getikipa yake huongezwa hivi:

```
[RasSrv::Neighbors]
GK-ZNZ=GnuGk

[Neighbor::GK-ZNZ]
GatekeeperIdentifier=GK-ZNZ
Host=10.24.0.10
SendPrefixes=24
AcceptPrefixes=25,26,28
```

Namba zinazoanza na 24 zitaulizwa Zanzibar. Upande wa pili nao uandike vivyo hivyo kukuhusu wewe, maana ujirani wa upande mmoja hupokea au hutoa tu.

Mambo yakienda kombo

Mashine isiposajiliwa, tazama kwanza kama kuna jibu lolote. Kimya kabisa kwenye dirisha la hali na kwenye logi maana yake ombi halijafika, kwa hiyo chunguza poti 1719 na njia ya mtandao. RRJ yenye neno securityDenial maana yake bawabu amekataa: linganisha namba na anwani na ulichoandika kwenye RRQAuth, tarakimu kwa tarakimu. RRJ yenye duplicateAlias maana yake namba au jina hilo limeshikwa na mashine nyingine, au mashine yenyewe ilibadilishiwa namba huku usajili wa zamani haujaisha muda. Kwa hali hiyo ya pili, sehemu ya `[RasSrv::RRQFeatures]` yenye `OverwriteEPOnSameAddress=1` inaondoa usumbufu.

Usajili ukikubaliwa lakini simu ikakataliwa kwa ARJ, soma sababu. calledPartyNotRegistered maana yake unayempigia hayupo kwenye orodha, na mara nyingi mashine ya kule imezimwa kwenye soketi na mfanya usafi. requestDenied ikuelekeze kwenye hesabu ya kipimo data uliyoifanya katika hatua ya tano.

Simu ikiunganishwa na upande mmoja ukawa hausikii au hauoni, usajili na uitaji ni salama, na tatizo liko kwenye RTP. Tumia tcpdump ya hatua ya tisa. Pakiti zikitoka Dodoma na zisitoke Mwanza, ngome ya Mwanza inazuia UDP au ALG ya huko bado imewashwa. Zikitoka pande zote na sauti bado haipo, ndipo ukague kipaza sauti, ambacho watu wengi hukiangalia kwanza na kupoteza muda.

Mashine ikiita usiku na mpigaji ana jina usilolitambua, ina maana poti 1720 ya mashine hiyo inafikika kutoka intaneti, na programu zinazozunguka mitandaoni kutafuta poti zilizo wazi zinaipigia moja kwa moja bila kupitia kwa bawabu. Niliwahi kuitwa na mlinzi wa zamu saa nane usiku kwa sababu skrini ya ukumbi mkubwa iliwaka peke yake na mlio ukaenea korido nzima, na tulipochunguza tukakuta mashine imepewa anwani ya umma siku ya majaribio na haikurejeshwa. Iondoe kwenye anwani ya umma, funga 1720 kwenye ngome ya nje, na uzime upokeaji wa simu wa moja kwa moja kwenye mipangilio ya mashine. Upokeaji huo ni hatari hasa, kwani mgeni huyo angeweza kuona na kusikia kikao bila mtu kubonyeza kitufe.

Hitilafu iliyonisumbua kuliko zote ni ya simu kukatika baada ya muda uleule. Taasisi moja niliyoihudumia ilikuwa na kikao cha kila Jumatatu kilichokatika saa moja kamili baada ya kuanza, wiki baada ya wiki, na tayari walikuwa wameagiza mashine nyingine. Nilikaa na logi ya getikipa upande mmoja wa skrini na saa upande wa pili. Sauti na picha zilikuwa safi hadi sekunde ya mwisho, lakini muunganisho wa TCP wa poti 1720, ambao hunyamaza kimya baada ya simu kuanza, ulikuwa umefutwa na ngome kwa sababu iliuona hauna kazi kwa dakika 60. Tuliongeza muda wa kusubiri wa miunganisho ya 1720 na ya masafa ya H.245 kwenye ngome hiyo ukawa wa saa nane badala ya saa moja. Jumatatu iliyofuata kikao kilianza saa tatu asubuhi na kikafungwa na mwenyekiti mwenyewe saa sita na robo.